Ua lililokwenda ugenini

Mjomba wangu wa Muheza, Tanga, ana neno moja kila tukizungumza kwa simu: "Wewe umeshapotea." Hanitukani. Kwake yeye, mtu aliyeondoka miaka tisa na kurudi mara mbili tu, tena kwa misiba, huyo keshapotea, hata awe anatuma hela kila mwezi. Kwa muda mrefu sikuwa na jibu. Nimelipata bwawani.

Naishi mkoa wa Shiga, Japani, kandokando ya ziwa Biwa, na kazi yangu ni ya kiwandani. Mji wa Moriyama hauko mbali, na huko wana lotasi wanayoiita myoren. Lotasi si yungiyungi letu, ingawa wengi tunavichanganya. Yungiyungi jani lake hulala juu ya maji; lotasi husimama juu ya bua refu, na undugu wao ni wa sura tu. Lotasi ya kawaida hufunguka alfajiri na ikifika adhuhuri imejifunga, kwa hiyo mwenye kuitaka asilale. Mahekalu mengi ya Kibudha huipanda, kwa kuwa hutoka matopeni ikiwa safi. Kule Mimurotoji, mjini Uji, wameipanda kwenye vyungu uani mwa hekalu, na msimu wake ukifika watu hunywa sake kupitia bua la jani, jani likiwa ndiyo bakuli. Mimi si mnywaji, nilitazama tu.

Myoren ni kituko. Ua moja lina petali maelfu, zimesongamana kama watu kwenye daladala ya saa kumi na mbili asubuhi. Lakini halizai mbegu. Ukitaka jingine, unakata kipande cha ule mzizi mnene uliomo matopeni ukakipande. Aliyelima muhogo ameshanielewa.

Familia moja ya Moriyama ililitunza ua hilo karne na karne. Mwaka 1896 likaacha kuchanua, na utunzaji wote ule haukusaidia. Kumbe zamani vipande vyake vilishapelekwa Kanazawa, mji wa pwani ya Bahari ya Japani, vikapandwa kwenye hekalu la Jimyoin. Oga Ichiro, mtaalamu yuleyule aliyeotesha mbegu ya lotasi ya miaka kama 2,000 iliyofukuliwa Chiba mwaka 1951, ndiye aliyelishughulikia suala hilo. Myoren ikarudishwa kutoka Kanazawa, na mwaka 1963 ikachanua tena kwao.

Niliposikia habari hiyo nilimkumbuka bibi. Alikuwa na shamba la kibandameno, ule muhogo mtamu unaoliwa hata mbichi. Ukaingia ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao wataalamu waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936 hukohuko kwetu Amani, juu ya Muheza. Ukichimba unakuta muhogo umeoza ndani. Bibi hakulia. Alifunga safari hadi Handeni kwa mdogo wake, ambaye bibi mwenyewe ndiye aliyempa mbegu miaka ya nyuma, akarudi na mzigo wa miti kichwani. Hakuna aliyesema kibandameno kile kilipotea Handeni.

Basi kwa nini mtu?

Sisemi Japani wanajua kutunza kuliko sisi. Mwaka 2016, hapahapa ziwani, upande wa Kusatsu, shamba zima la lotasi lililokuwa likivutia watalii kila kiangazi halikuota. Hekta kwa hekta, maji matupu. Na watu wanaokumbuka mwaka ua lilipokoma wanaweza kuishi mlango kwa mlango bila kujuana majina. Mimi mwenyewe jirani yangu wa ukuta mmoja simjui anaitwaje. Muheza namjua kila mtu na ugomvi wake wote, ila muulize yeyote ule mwembe wa msikitini ulipandwa mwaka gani.

Ninachokidai ni kidogo. Nyumbani tunamhesabu aliyeondoka kwa njia mbili: amepotea, au ni benki. Mimi hapa watoto wangu wanaongea Kiswahili cha bibi, na methali zake wanazo, hata zile ambazo binamu zao wa Dar es Salaam wanazicheka wakidai ni za kishamba. Mke wangu huwapikia bada, ule ugali wa muhogo, unga tukiutafuta kwa tabu. Kuna maneno ya bibi ambayo sasa hivi nadhani yanasemwa jikoni kwangu tu.

Nilimtumia mjomba picha ya myoren, na maelezo marefu ya sauti kuhusu Kanazawa, bibi na Handeni. Alikaa siku mbili. Kisha akajibu: "Hiyo kabichi nimeiona. Njoo nayo."