Kitufe cha Kuzima Kimefuata Nini Pale?

Huyo mhandisi aliyeweka kitufe cha kuzimia kompyuta bega kwa bega na kitufe cha kufutia herufi, mimi nina shida naye. Sitaki ugomvi. Nataka aje hapa Dodoma, nimpe kiti, nimpe soda baridi, halafu anieleze taratibu alikuwa anawaza nini. Binadamu akiandika atakosea. Akikosea atafuta. Na kidole cha mtu aliyekulia jembe kikiteleza kidogo tu wakati wa kufuta, mashine inalala. Hata kukuuliza haikuulizi! Ukitaka kufuta picha ya keki inakuuliza kama una uhakika. Ukizima kikao kizima cha watu wazima, kimya.

Hali yenyewe mnaijua. Siku hizi huwezi kuwa katibu wa jambo lolote ukiwa na daftari, wanakuona huna maono. Ndiyo nikanunua hii laptop ndogo, ya inchi 11.6, kwa laki nne na nusu, kwenye duka moja la mjini ambalo silitaji kwa sababu muuzaji tunasalimiana. Chapa nayo naisitiri.

Nitende haki kwanza. Uzito wake ni kilo moja na kitu. Naitia begini, napanda bodaboda kutoka Nkuhungu hadi mjini, bega halinung'uniki. Halafu haina feni. Hapo aliyeiunda alitusaidia bila kujua, maana hakuna tundu la kunyonya vumbi, na vumbi letu la mwezi wa nane, upepo unapohamisha kiwanja cha mtu kule Nala ukakigawa kwa majirani, si la mchezo. Laptop ya shemeji yangu, ile pana yenye feni, fundi wa Majengo aliifungua akatoa udongo wa kupandia mchicha. Chaji nayo inakaa. Umeme ukikatika, yenyewe inabaki macho mimi nimeshalala. Basi, sifa zimeishia hapo.

Boksi limeandikwa nafasi ya kuhifadhia vitu ni GB 64. Ukiwasha, Windows inakwambia hazifiki hata 60. Nikamuuliza mpwa wangu anayesoma kompyuta UDOM, akanijibu kwa upole wa daktari kwamba kiwanda kinahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024. Kumbe inawezekana! Basi na mimi kodi ya nyumba mwezi huu nimhesabie mama mwenye nyumba kwa ile ya Windows, tuone kama tutaelewana. Halafu hiyo Windows 11 kima chake cha chini kabisa ni hizo hizo GB 64 na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4, ambayo hapa ndani imechomelewa kwenye bodi, huongezi kitu. Yaani mashine imefaulu kwa alama ya mwisho, imeingia darasani, na mtihani unaofuata ni wewe kufungua Ekseli na WhatsApp kwa wakati mmoja.

Kamera siizungumzii. Mama mdogo wa Singida aliniona humo akauliza nimelazwa hospitali gani.

Sasa njooni jana. Kikao cha kamati ya harusi ya binti wa baba mkubwa, chini ya mwarobaini, nyuma ya grosari moja ya Area C. Kamati za mji huu zina ugonjwa wake, tumeishi karibu mno na Bunge. Mtu anataka kuomba kijiti cha meno, anasimama, anafunga kifungo cha koti: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mwongozo wako." Tukafungua kikao, tukapita yatokanayo, tukafika ajenda ya tatu, hali ya michango. Hapo ndipo Katibu anapong'ara. Nilikuwa nimepanga majina yote kwenye Ekseli kwa rangi: aliyemaliza ahadi mstari wake mweupe, aliyelipa nusu njano ya mbali, asiyetoa hata mia mwekundu. Kijana wa upande wa bwana harusi alikuja na projekta. Waya wake ni HDMI ya kawaida ambayo dunia nzima inayo. Tundu la laptop yangu ni HDMI ndogo, ile inayotaka waya wa peke yake unaouzwa na mtu mmoja ambaye Jumapili hafungui.

Mwenyekiti, mzee mstaafu, mtu wa busara, akasema, "Wajumbe, tuizunguke."

Tukaizunguka. Watu kumi na kitu, inchi 11.6.

Sasa kioo cha kitu hiki kina tabia. Ukikaa sawasawa mbele yake, unaona vizuri. Ukisimama ukakitazama kwa juu, rangi zinapauka. Ukikitazama kutoka chini, zinageuka, kila kitu kinaiva kuwa giza. Mpwa anasema ni aina ya TN, inawekwa kwa sababu ni rahisi kuliko IPS, ile inayoonekana vizuri pande zote, na imepangwa kumtumikia aliye mbele yake tu. Wakati ule sikuwa na mpwa. Nilikuwa na wajumbe.

Waliosimama wakaona orodha nyeupe pee, njano imetoweka. Mjomba wa bibi harusi, aliyeahidi laki tano akatoa moja, akakohoa kidogo. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nashukuru kumbukumbu rasmi za Katibu zinaonyesha nimemaliza." Makofi! Watu wakaanza kunyooshana vidole kwa furaha: fulani kamaliza, fulani kamaliza, harusi imeiva, tuongeze na tarumbeta.

Chini pale, kwenye kigoda, alikuwa shangazi. Magoti hayamruhusu kusimama. Yeye alilipa ahadi yote siku ya kwanza, noti mpya, na kutoka pale alipokaa akaona jina lake limezama kwenye kiza. Akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa. "Mbona mimi mmenipaka masizi?"

"Taarifa, Mwenyekiti!" akasema mjomba.

"Shangazi, taarifa unaipokea?"

"Siipokei! Kwanza anilipe hela yangu ya alizeti."

Nikainamisha kioo ili shangazi ajione mweupe. Akajiona. Lakini kwa waliosimama orodha ikazidi kupauka. Nikakiinua, wao sasa wakakipata sawasawa, shangazi akazama, na mjomba akarudi kuwa njano mbele ya wakwe. "Katibu kanibadilisha rangi!" Nikakishusha, shangazi akaibuka, mjomba akatakata. Nikakiinua, nikakishusha. Na mchezo huo tuliucheza juani, maana mwarobaini ulishahamisha kivuli chake, na mwanga wa kioo hiki ni wa kuwindia mende gizani. Mimi mwenyewe niliona zaidi uso wangu kuliko michango. Nikasema hapana, utu kwanza, nitamwandikia shangazi pembeni neno AMELIPA kwa herufi kubwa. Nikaandika AMELIPS. Nikafuta.

Giza.

Nikasimama kwa heshima zote. "Waheshimiwa wajumbe, mashine imelala, hesabu ziko macho." Hakuna aliyeipokea. Mtu wa nyuma akasema Katibu kafunga vitabu. Mwingine akaomba iundwe kamati ndogo. Yule kijana wa projekta, ambaye kwa kumiliki waya alishajiona mtaalamu, akafika kabla yangu, akakibonyeza kile kitufe na kukikandamiza mpaka mashine ikazimika kabisa. Akaiwasha. Ikaanza kusasisha Windows. Asilimia nane. Usizime kompyuta yako.

Kamati nzima ya harusi ikakaa kutazama asilimia. Kwenye ishirini na saba ikagoma, na mjomba akautumia muda huo kuagiza kreti kwa hesabu ya kamati. Mweka hazina, mama mmoja mpole, akafungua mkoba, akatoa daftari la kurasa 96, akasoma majina yote na kiasi cha kila mmoja, kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wala hakunitazama. Afadhali angenitazama.

Na hapa utani naweka pembeni, maana laki nne na nusu ni jasho. Waundaji wa vitu hivi wanadhani mwenye hela ndogo anaishi peke yake chumbani, ana kivuli, ana vidole vya mtoto, na jioni hana wa kumwonyesha kitu. Kwetu kompyuta ya bei ya chini ndiyo inayotazamwa na watu wengi! Tajiri ana yake, mkewe ana yake. Hii yangu imeandika barua za kazi za nusu ya mtaa, imeonyesha katuni kwa watoto wa jirani wamelala kifudifudi, imesomewa matokeo ya kidato cha nne na ukoo uliojazana mlangoni. Kioo kinachoonekana pande zote kingepandisha bei kiasi gani? Mngepunguza hata ile stika ya kung'aa mliyobandika pembeni. Kitufe cha kuzima mngekihamishia ubavuni, ni bure kabisa. Mpwa amenionyesha kumbe kwenye mipangilio unaweza kukiambia kisifanye lolote ukikibonyeza. Kwa hiyo dawa yake ni kukistaafisha. Mmeweka cha nini?

Na mjomba anataka kadi ya dabo. Kwa laki moja, dabo! Singo tu tumepanga laki na nusu, na ukumbi bado wanadai nusu ya pili kabla ya mwisho wa mwezi. Halafu kuna sare. Sare ya kamati, elfu thelathini na tano bila mshono, rangi tuliichagua kikao kilichopita kutoka kwenye picha. Picha ilikuwa kwenye laptop hii hii. Waliosimama wote wanajua tulikubaliana kijivu cha fedha. Shangazi amenunua nyeusi tii, doti nzima, na amewanunulia na wenzake wa Kikuyu, na fundi cherehani keshakata.