Dumu la Mzee wa Kanisa

Sikukuu ya mavuno kanisani kwetu hapa Tabora, mnadishaji huwa ni mimi. Nilipewa kazi hiyo kwa ajili ya sauti, si utakatifu. Mwaka huo meza ilijaa: mpunga, karanga, michembe, jogoo aliyefungwa miguu na kukata tamaa, na katikati dumu la asali la lita 5, sadaka ya mzee wetu mmoja wa kanisa.

Huyu mzee lazima nimweleze. Akipita karibu na kilabu cha pombe hufumba macho. Siku moja alifumba, akaingia mtaroni. Vijana wa kwaya alikuwa akiwanusa midomo kabla ya ibada. Na asubuhi hiyo ndiye aliyesoma Luka 12, pale Yesu anapowaonya wanafunzi juu ya chachu ya Mafarisayo. Kila akifika kwenye “chachu” anawakazia macho vijana.

Nikaliinua dumu. “Asali ya Sikonge hii, wapendwa! Nani anaanza?” Nikalitikisa kidogo, watu waone uzito. Ndipo nikaona limevimba ubavuni kama mimba ya miezi minane. Sasa, asali iliyokomaa haichachi hata ikae miaka, maji yake ni machache mno. Mtoto wa Tabora halihitaji somo hilo. Ukiona asali inavimbisha dumu, ujue kuna mtu kaitia maji, kaifunika, na anasubiri wanzuki, pombe ya asali.

Paa! Mfuniko ukaruka, ukampata jogoo. Mimi nikapata lililobaki: povu usoni, kifuani, hadi ndani ya soksi. Harufu ikatangulia kufika benchi la kinababa, na walivyoitambua upesi nilishangaa.

Mzee akasimama, jasho linamtoka. “Mchungaji, Bwana asifiwe. Mjukuu amebeba dumu silo. Hiyo ni dawa yangu ya kifua.”

“Amina,” akajibu mchungaji, kwa mazoea tu.

Mkewe akainuka upande wa kinamama, akajifunga khanga upya. “Baba, tuko kanisani. Kifua gani hicho kinachokuuma Jumamosi tu, tena pamoja na wenzako watatu?”

Kwenye benchi la kinababa, watatu wakafungua vitabu vya nyimbo kwa pamoja. Wimbo ulikuwa haujatangazwa.