Kabla ya kununua balbu kali, shika bisibisi

Mazungumzo ya ajali za usiku yakianza kwenye steji ya bodaboda hapa Malindi, mara nyingi huishia kwenye balbu. Mmoja atasema yake imeisha nguvu, mwenzake atamwonyesha ya LED aliyofunga juzi, na wote watakubaliana kwamba dawa ni kuongeza mwanga. Mimi sikubaliani nao. Skuta na pikipiki nyingi za mji huu zina mwanga wa kutosha, ila unakwenda pasipo.

Simama kando ya barabara ya Gede usiku, pale msitu wa Arabuko-Sokoke unapoikaribia lami, utazame zinazopita. Moja inamulika matawi ya miti. Nyingine inamulika tairi yake yenyewe. Ya tatu imegeukia mtaroni kana kwamba dereva amedondosha kitu. Yule anayemulika miti ndiye anayenitia hofu zaidi, kwa sababu kabla ya kufika kwenye miti mwanga wake umepita kwenye macho ya watu. Mtu aliyepigwa na mwanga hivyo haoni vizuri kwa sekunde kadhaa, na mzee huchelewa zaidi kurudiwa na macho. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kila sekunde moja ni mita 14. Ndani ya mita hizo kuna mama mwenye buibui jeusi anayetoka tarawehe, kuna mkokoteni wa maji, kuna kijana wa baiskeli asiye na taa hata moja. Hao ndio wanaolipa, na skuta yenyewe hawana.

Taa haiharibiki mwelekeo kwa bahati mbaya tu. Skuta huanguka, usukani ukapinda kidogo. Fundi hufungua uso wa plastiki atengeneze indiketa, akirudisha hatazami taa imekaa vipi. Matuta na mashimo hulegeza skrubu, na chumvi ya hewa ya bahari hula zile zilizobaki. Lakini sababu kubwa kuliko zote ni mzigo, na hii ndiyo watu hawaifikirii kabisa.

Fanya hesabu pamoja nami. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, skuta au pikipiki ya kawaida ina kama sentimita 130. Akipanda abiria mnene na gunia lake, tuseme nyuma ikashuka sentimita 4 kuliko mbele. Chombo chote kimeinama, na taa imeinua uso. Mita 10 mbele, mwanga umepanda sentimita 31 hivi. Kwa hiyo taa iliyopangwa vizuri ishuke sentimita 10 kwa umbali huo, sasa imekuwa juu ya kimo chake kwa sentimita 20 na zaidi, na inazidi kupanda kadiri inavyokwenda mbali. Kama taa iko sentimita 80 kutoka ardhini, ikifika mita 30 iko kwenye sentimita 140 au kupita. Hapo ndipo yalipo macho ya bodaboda mwenzako anayekuja. Na wewe hujagusa kitu. Umebeba abiria tu, ambayo ndiyo kazi yako.

Ndiyo maana nashikilia kwamba taa ya bodaboda ipangwe ikiwa imebebeshwa. Vitabu vya wenye viwanda huandika mwendeshaji akae juu yake, na kwa mtu wa skuta ya kwenda kazini inatosha. Kwa anayebeba watu usiku kucha, haitoshi. Mwite rafiki akae nyuma.

Kazi yenyewe ni ndogo. Jaza upepo wa kawaida kwenye tairi zote mbili, maana tairi ya nyuma iliyolegea inakuharibia kila kipimo. Tafuta sakafu tambarare mbele ya ukuta, giza likianza kuingia. Pima kimo cha katikati ya kioo cha taa kutoka ardhini, ukiweke alama ukutani kwa chaki. Rudi nyuma mita 10 kwa kamba, mkae wawili, usukani unyooke, washa dimu, yaani mwanga wa chini. Ule ukingo wa juu wa mwanga, pale unapokutana na giza, uwe chini ya alama kwa sentimita 10 hadi 20. Ukishuka 10, kwa taa ya kimo cha sentimita 80, mwanga utafika mita 80 mbele ndipo uguse lami. Ukishuka 20, utafika mita 40, na kwa kilomita 50 kwa saa unahitaji zaidi ya mita 30 kusimama kwenye lami kavu. Usishushe kupita hapo kwa kuogopa lawama, utakuja kumgonga mtu unayemhurumia.

Skuta nyingi zina skrubu moja chini ya kioo, au nyuma yake ukiingiza mkono. Upande wa kushusha hutofautiana, basi zungusha robo, tazama ukuta, zungusha tena. Nyingine hazina skrubu hiyo, zina bolti mbili za pembeni: unazilegeza kwa spana, unaisukuma taa kwa mkono, unakaza. Kama mwanga umekwenda kushoto au kulia, angalia usukani kwanza kabla ya kuilaumu taa. Halafu toa balbu uirudishe sawasawa. Ina meno yanayokaa mahali pamoja tu, na ikilazimishwa hukaa upande.

Nikiwaambia vijana haya, jibu huwa, "Mzee wangu, nikiishusha sioni mashimo." Nawaelewa, mashimo yapo. Lakini fuli, yaani mwanga wa juu, imewekwa kwa ajili hiyo: barabara ikiwa tupu iwashe, akitokea mtu rudisha dimu. Taa inayoinuliwa ili dimu ifanye kazi ya fuli inamnyima mwenzako nafasi ya kukuomba uipunguze, kwa sababu umeshaipunguza na bado inamchoma.

Hizo balbu za LED za bei rahisi zinaongeza shida. Kikombe kinachong'aa ndani ya taa kimechongwa kwa ajili ya uzi wa balbu uliokaa mahali maalumu kabisa. Ukitia balbu ambayo chanzo chake cha mwanga kimekaa kwingine, mwanga hutawanyika na ule ukingo ukutani hupotea, huna tena cha kupima. Wengine hufunga balbu ya gari ya wati 60 kwenye taa iliyotengenezewa wati 35, plastiki ikayeyuka. Na kabla hujasema balbu imekufa, ongeza moto wa injini kidogo: skuta nyingi ndogo huchukua umeme wa taa moja kwa moja kutoka kwa injini, hivyo ikisimama sailensa, injini ikizunguka polepole tu, mwanga hufifia hata kama balbu ni mpya.

Malindi tuna jambo letu moja zaidi. Mji una Waitaliano wengi, na skuta za kwao zimo. Italia huendesha kulia. Baadhi ya taa zilizotengenezwa kwa barabara za huko huinua mwanga upande wa kulia ili zimulike ukingo wa njia. Huku kwetu tunakoendesha kushoto, upande huo ndiko anakotokea mwenzako. Hakuna skrubu itakayoponya hilo. Badilisha taa nzima.

Ninachopendekeza ni ukuta mmoja kwa kila steji. Uchorwe kama rula, mistari ya kila sentimita 10 kuanzia 50 hadi 120, kwa sababu vimo vya taa havilingani, na chini kuwe na mstari mwingine mita 10 kutoka ukutani. Kila mwendeshaji apite hapo mwanzo wa mwezi, na kila akitoka kwa fundi. Bisibisi moja na spana moja ya chama zinatosha wote. Sitaki faini wala askari kwenye jambo hili. Mwenzako wa steji akikwambia taa yako iko juu, utamsikia haraka kuliko mtu mwingine yeyote.

Mimi nakaa mtaa wa Barani. Steji yoyote ya huku yenye ukuta na sakafu iliyonyooka ikikubali, rangi na futi nitaleta mimi. Ningependa tuanze kabla ya Ramadhani, maana mwezi huo watu hutembea usiku mpaka daku, na wengi wao ni watoto.