Aliyetumwa na Nchi Yake

Mpwa wangu aliweka kwenye status yake ya WhatsApp picha ya Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, na juu ya picha maneno haya: "Nchi yangu haikunituma maili 5,000 kuja kuanza mbio. Ilinituma kuja kuzimaliza." Nikampigia palepale. "Shikamoo mjomba," akapokea. Baada ya marahaba nikamwambia maneno hayo si ya Kipchoge. Akauliza, "Kwani ni ya nani?"

Swali lile liliniuma, na halikuniuma kwa sababu yake yeye. Kijana amezaliwa na kukulia Babati. Mwenye maneno ni mtu wa Mbulu, mkoa uleule wa Manyara. Tumeacha maneno ya jirani yetu yazunguke dunia nzima bila jina lake, mpaka yakaturudia yamevaa sura ya mtu mwingine.

Mwenyewe ni John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikuwa Mexico City, kwenye marathoni ya Olimpiki. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mtu asiyeizoea hukatika pumzi hata akipanda ngazi. Walianza 75, wakamaliza 57. Hata Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa 1960 na 1964, aliishia njiani. Akhwari aliangushwa katika msukumano wa wakimbiaji, goti likaumia vibaya na bega likapiga lami. Akafungwa bendeji, akainuka, akaendelea.

Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3:25:27, wa mwisho kabisa, giza limeshashuka, watu wengi wameshaondoka. Picha za video za usiku ule zipo mpaka leo. Mguu umezungushiwa bendeji kubwa gotini. Anachechemea, anajaribu kukimbia, anashindwa, anatembea, anajaribu tena. Waliobaki majukwaani wanaanza kupiga makofi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, ndipo akatoa jibu lile.

Nimelikuta jibu hilo kwenye mabango, kwenye semina za ujasiriamali, kwenye mahafali. Karibu kila anayelitumia hukazania neno moja: kumaliza. Komaa, usikate tamaa, maliza. Mimi uzito nauona kwenye neno jingine, kutuma.

Aliyelelewa kwetu anajua kutumwa ni nini. Mama anafungua pindo la khanga, anatoa noti iliyokunjwa mara nne, anakwambia kalete robo ya sukari na kiberiti. Kisha anatema mate chini: yasikauke kabla hujarudi. Unatoka mbio. Ukijikwaa njiani ukachubuka goti, utalia, lakini utalia huku unakwenda, maana sukari ile si yako. Maji yameshachemka, kuna watu wamekaa wanasubiri chai. Hujawahi kusikia mtoto anarudi mikono mitupu akisema, "Mama, angalau nilianza safari."

Hicho ndicho ninachokisikia kwa Akhwari. Ndani ya jibu lake hakuna "ndoto yangu" wala "rekodi yangu". Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata miaka saba ya uhuru, na mtu wa Mbulu amevushwa bahari kwa jina la watu ambao wengi wao hawakuwahi kuiona hata Dar es Salaam. Aliona anarudi nyumbani ama na kile alichotumwa, ama mikono mitupu.

Tena wanaomsimulia kama bingwa wa kuwa wa mwisho wanamdhulumu. Akhwari alikuwa mkimbiaji hasa. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano kwa saa 2:15:05. Mtu wa kiwango hicho kuingia uwanjani nyuma ya wote, watu wanamtazama, ni maumivu yanayopita ya goti. Wenzake 18 waliacha na hakuna aliyewalaumu. Naye angeweza kupanda gari akaenda kulala.

Kipchoge naye ana neno lake, kwamba hakuna binadamu mwenye mipaka. Alilibeba mpaka Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, akakimbia kilomita 42 na ushee kwa saa 1:59:40. Nalipenda. Lakini mimi alinifundisha zaidi Paris, kwenye marathoni ya Olimpiki, tarehe 10 Agosti 2024. Mgongo ulimbana, akabaki nyuma sana, na baada ya kilomita 30 akasimama. Akatembea na watu waliokuwa kando ya barabara, akawagawia fulana, namba ya kifuani, viatu, hata soksi. Mtu mwenye dhahabu mbili za marathoni ya Olimpiki. Je, yeye hakutumwa? Alitumwa, na alishaleta mara nyingi. Siku ile mwili ulikataa, akakubali mbele ya macho ya watu, bila kujificha. Sioni kama amemsaliti Akhwari.

Nasema hivi kwa sababu nimeona jibu la Akhwari likigeuzwa fimbo. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo msimamizi alilibandika ukutani, juu ya meza ya kusainia mahudhurio, wakati mishahara yetu imechelewa miezi miwili. Kila asubuhi tunasaini huku tunasoma kwamba tumetumwa kumaliza. Mwenzetu mmoja alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Mbagala kwa kukosa nauli. Pale ndipo nilipoanza kumfikiria anayetuma. Mama anayekutuma sukari anakupa hela ya sukari. Hakuambii nenda tu, utajua mbele ya safari. Ukirudi umechubuka, anakuosha goti kabla hajaulizia chenji. Kutuma ni mkataba wa pande mbili, na upande wa pili sisi hatuusemi kabisa.

Tujiulize na kama nchi. Wakimbiaji wetu Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali mbili za fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Tangu hapo, kwenye Olimpiki, hatujaona medali nyingine. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, alikuwa wa tano Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, akaendelea kupigana miaka minane mingine. Septemba 2025, Tokyo, akampita Mjerumani Amanal Petros mstarini kabisa. Saa zao wote wawili ziliandikwa 2:09:48, ikabidi picha iamue. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Siku ile nchi nzima ilikuwa na Simbu. Ningependa tuwe naye, na wanaomfuata, pia asubuhi ya Jumanne ya kawaida, kijana anapokimbia kilomita 30 barabara ya vumbi na viatu vilivyoisha soli.

Nirudi kwa mpwa wangu. Mwaka huu anarisiti mtihani wa kidato cha nne, hesabu zilimshinda mwaka jana. Nilipomaliza kumsimulia habari za Akhwari alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa mjomba. Ila mimi hakuna nchi iliyonituma." Nikamuuliza cherehani ya mama yake iko wapi siku hizi. Ilikuwa inakaa sebuleni chini ya dirisha, amekua akisinzia kwa mlio wake. Dada yangu aliiuza Januari ili alipie masomo ya jioni. Kijana hakujibu.

Jioni nikaona status imebadilika. Maneno ni yaleyale, picha ni nyingine: uwanja wa usiku, mtu mwembamba, bendeji gotini, na chini ameandika jina kamili, John Stephen Akhwari, Mbulu. Nikampigia dada kumuuliza ada ya mtihani imefikia wapi. Akasema bado nusu. Nikaituma usiku uleule.