Mchango wa kuwarudisha mabinti walioko Omani: fedha ziende kwa nani?

Kikundi kimoja cha akina mama wa Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, kinachanga shilingi 10,000 kwa kila mwanachama ili kuwasaidia wasichana waliokwama Omani, walikokwenda kufanya kazi za ndani. Mchango huo umeleta mabishano makali. Mimi naunga mkono kuchanga, lakini wanaopinga wana hoja moja nzito ambayo haijajibiwa.

Tuanze na kinachowasukuma akina mama hawa. Binti wa Kondoa, Chemba au Singida kwenda kufanya kazi kwenye nyumba za watu si jambo geni; Dar es Salaam imelelewa na mabinti wa huku. Lakini Dar, binti akiteswa hukimbilia kwa jirani, akachangiwa nauli ya basi na kurudi kwao. Uarabuni kuna utaratibu wa kafala: kibali chake cha kuishi nchini kinamtegemea mwajiri, na akitoka bila ridhaa yake anahesabiwa mtoro. Shirika la Human Rights Watch lilipozungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Omani na Falme za Kiarabu, katika ripoti yake ya mwaka 2017, karibu wote walisema walinyang'anywa pasi zao. Sasa mama akipokea ujumbe wa sauti usiku, mwanawe analia atolewe huko, atamwambia avumilie?

Wapo wanaolalamika kwamba mfuko wa jamii wa kikundi ni wa misiba na maradhi ya wanachama. Ni kweli, na katiba ya kikundi iheshimiwe. Kama kikundi kina mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, usiguswe kabisa. Mchango uwe wa hiari na uwe na daftari lake. Hilo halina ugumu.

Ugumu uko hapa: fedha hizo zinanunua nini? Mwajiri hulipa gharama za kumleta msichana. Msichana akitaka kuondoka kabla ya mkataba kwisha, ambao mara nyingi ni wa miaka miwili, mwajiri hudai arudishiwe gharama zake ndipo amwachie. Kwa hiyo jasho la mama anayeuza mboga soko la Majengo linaishia mikononi mwa mtu aliyeshikilia pasi ya binti wa watu. Wakala aliyempeleka keshachukua chake na haulizwi chochote. Mwajiri mwingine akiona kwamba kushikilia pasi kunalipa, kwa nini aiachie? Hii ni sawa na kukomboa mateka, na kila anayekombolewa kwa fedha huongeza bei ya anayefuata. Hoja hii naikubali.

Nisichokubali ni kauli kwamba "walijitakia". Mwaka mvua ikikatika na uwele ukakauka shambani, mshahara wa Omani si tamaa. Na wapo waliokwenda, wakalipwa vizuri, wakajenga nyumba kwao. Tusiwachore wote kama watumwa. Linaloniumiza zaidi ni kusambaza sauti na picha za msichana anayelia ili watu waguswe wachange. Binti huyo atarudi kuishi katikati ya watu hao hao, aolewe hapo, alee watoto hapo. Hakuna mchango unaostahili kulipiwa kwa aibu yake.

"Serikali ipo," wanasema wengine. Naam, ipo. Tuna ubalozi Maskati, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa kuwasaidia waathirika. Ila aliyefungiwa ndani hawezi kungoja faili litembee meza kwa meza. Ndiyo maana nasema wachange, kwa sharti kwamba fedha zilipe tiketi ya ndege, matibabu na mtaji mdogo wa kuanzia akirudi, si madai ya mwajiri.

Kuhusu madai hayo, wa kwanza kuandikiwa ni wakala. Asipojibu, akina mama wa Dodoma wana nafasi ambayo mama wa Tunduru hana: wizara ziko Mtumba, wanapanda daladala tu. Waende wengi, wakiwa na nakala ya mkataba na jina la wakala, na wasiondoke bila barua yao kugongwa muhuri wa kupokelewa. Kama wakala hajasajiliwa, hilo ni la polisi.

Na mwajiri akikataa katakata kumwachia, huku uhai wa binti uko hatarini? Hapo walipe, wachukue risiti, na kiasi hicho kiandikwe kwenye daftari kuwa ni deni la wakala, adaiwe mpaka alipe.