Pamba tulilima, kusokota tuliachia kiwanda

Tukizungumzia KICOMI, kiwanda cha nguo za pamba kilichokufa hapa Kisumu, lawama huangukia mitumba na kufunguliwa kwa soko miaka ya 1990. Sibishi. Linalonikera ni lile tusilolitaja: kiwanda kilipokwisha, uzi nao ukaisha. Watu wa Homa Bay, Siaya na Busia walijua kupanda pamba na kuichuma. Kuisokota haikuwa kazi yao.

Wakoloni waliisukuma pamba Nyanza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya viwanda vya mbali. Ikachambuliwa, ikafungwa marobota, ikaondoka. Gurudumu la kusokotea, ambalo kwingine lilikaa karne nyingi kati ya shamba na kiwanda, kwetu lilirukwa.

Pwani walisokota zamani. Huko Kilwa wachimbuaji wa mambo ya kale wameokota vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyotiwa kwenye kijiti cha kusokotea ili kizunguke kwa uzito. Gurudumu lilizaliwa na kijiti hicho. Huko Asia walikilaza ubavu, wakakifunga kamba inayopita kwenye gurudumu kubwa: ukilizungusha mara moja, kijiti kinazunguka mara nyingi. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unavuta pamba. Mchoro wa Baghdad wa mwaka 1237 ni miongoni mwa ya zamani zaidi inayolionyesha. Ulaya walilipokea kwa mashaka. Mwaka 1298 mafundi wa Speyer, Ujerumani, waliruhusu uzi wake kwenye mshindio tu (nyuzi za upana wa kitambaa), wala si kwenye mtande (nyuzi za urefu), kwa kuwa nyuzi za mtande ndizo zinazovutwa kwa nguvu. (Ningependa wauza nguo wetu wawe wakali hivyo.) Baadaye likapata kanyagio, mikono yote miwili ikawa huru.

Miaka ya 1760 James Hargreaves wa Lancashire akatengeneza mashine ya vijiti 8 vinavyozungushwa na mtu mmoja. Mwaka 1768 watu waliohofia riziki yao waliivamia nyumba yake na kuzivunja mashine zake. Hawakuwa wajinga. Kusokota kulikuwa kipato cha wanawake nyumbani, na kipato hicho kikahamia kiwandani, kisha nguo za viwanda hivyo zikaja kuwabana wasokotaji wa India. Ndiyo maana Gandhi aliishikilia charka, gurudumu la kusokotea la Kihindi, hata ikawa kwenye bendera ambayo chama cha Congress kiliipitisha rasmi mwaka 1931.

Sidai tushindane na mitumba kwa gurudumu. Uzi mmoja mmoja wa mkono hautavalisha soko lote la Kibuye, na shati lake lingekuwa ghali kupindukia. Lakini sufu ya kondoo ni habari nyingine. Molo, kaunti ya Nakuru, kuna kondoo na kuna baridi. Sweta nzito au zulia la sufu iliyosokotwa kwa mkono lina mnunuzi anayelipia mkono huo, na gurudumu lenyewe ni mbao, kamba na ekseli, kazi ambayo seremala na fundi wa jua kali wanaiweza. Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha kushona. Kwa nini somo lianze na kitambaa kilichokwisha kufumwa na wengine?