Nilikwenda Kuona Taa, Nikazimiwa

Jana yake, kule Cozumel, kisiwa cha Mexico, nilikuwa juu sitahani kwenye meli yetu ya kitalii nikiwacheka abiria waliochelewa kurudi. Mzee mmoja alikuwa akitimua mbio gatini na sombrero, kofia ya Kimexico, kubwa kama ungo. Upepo ukaipeperusha, naye badala ya kuiacha akairudia. Sitaha nzima ikashangilia, na aliyeanzisha makofi ni mimi. "Mtu mzima hajui kutazama saa!" nikamwambia mke wangu, kwa sauti ya kusikika.

Kulipokucha tukatia nanga Grand Cayman, kisiwa kingine cha Karibi. Pale meli kubwa za kitalii hazifungi gatini, abiria hushushwa kwa boti. Boti ya mwisho ya kurudi: saa tisa na nusu alasiri. Mke wangu akanikumbusha kuvaa saa ya mkononi. Nikakataa. Maji ya chumvi yangeiharibu, na simu si ninayo?

Tulikwenda kuona taa. Si taa ya kuwasha. Taa samaki, yule mpana kama mkeka mwenye mwiba mkiani. Kwenye fungu lile la mchanga wamewazoea watu, maana wavuvi walikuwa wakisafishia samaki hapo na kutupa matumbo majini. Maji yalinifika kiunoni. Mmoja akapita katikati ya miguu yangu, anateleza kama sabuni, nami nikapiga ukelele ambao mke wangu anauiga hadi leo.

Tukamalizia ufukwe wa Seven Mile Beach, ambao kwa kweli haufiki hizo maili saba. Nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka, simu ilisema saa nane na dakika ishirini.

"Mbona wenzetu hawaonekani?" mke wangu akauliza.

"Wana kiherehere. Bado saa nzima na ushee."

Hakuridhika, akamwuliza kijana aliyetukodisha viti. Kijana akatazama saa yake: saa nane na dakika ishirini. Nikatabasamu kama wakili aliyeshinda kesi.

Ndipo mke wangu akachomoa mkobani karatasi ya ratiba. Ilikuwa imelowa, wino umetambaa, ila mstari mmoja wa herufi nene ulisalimika: FUATA SAA ZA MELI. Meli yetu ilitoka Miami, na ilikuwa Julai. Kule wakati wa kiangazi saa husogezwa mbele; Cayman hawasogezi. Simu yangu iliponusa mtandao wa nchi kavu, ikarudi nyuma saa nzima bila hata kuniaga. Melini ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

Dereva wa teksi akatuuliza kama tuna haraka.

Tulipofika gatini, baharia alikuwa amekwisha kufungua kamba moja, ya pili iko mkononi. Nikarukia botini na miwani ya kuzamia kwenye paji la uso, kandambili moja mguuni. Ya pili ilibaki Grand Cayman, na sikuirudia. Kwa hilo namvulia kofia mzee wa sombrero.

Naye alikuwepo, juu sitahani. Wengine walipiga makofi na miluzi. Yeye alivua sombrero yake taratibu, akaiweka kifuani, kama mtu aliye msibani.

Kila jioni mhudumu wa chumba alitukunjia taulo umbo la mnyama. Jioni hiyo tulikuta nyani ananing'inia. Nikaenda kuoga. Niliporudi, nyani alikuwa amevaa saa yangu.

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa kazama kwenye ratiba ya kesho.

"Ukitaka kujua saa," akasema bila kuinua macho, "muulize mwenzio."